Bahari Iligeuka Kabla ya Upepo: Uchambuzi wa Kisa cha Diko Moja

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wavuvi wa karibu na pwani waliokutwa nje ya mwamba na kusi la kwanza la mwaka. Jina la kijiji, la kikundi na la wahusika nimeyaondoa, mwaka sikuutaja, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nimekiandika kwa ajili ya manahodha, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) na maofisa uvuvi wanaokaa na wavuvi kila mwaka kuulizana swali lile lile: tutoe zana baharini lini?

## Usuli

Diko, yaani mahali wavuvi wanapofikia na kushusha samaki, liko pwani ya kusini ya Tanzania bara. Mbele yake upo mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufukwe. Kati ya mwamba na ufukwe ni maji ya ndani, mchanga na nyasi bahari, ambayo bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likipwa hukauka hadi watu wakatembea. Mwamba umekatika mahali pamoja tu, na hapo ndipo mlango wa kutokea na kuingilia. Upande wa kusini wa ufukwe kuna hori la mikoko linalopokea maji ya mvua kutoka bara.

Kikundi kilikuwa na watu 11, boti moja ya faiba yenye mashine, ngalawa mbili, dema 40 hivi (mitego ya samaki ya fito au ya waya), mishipi, na nyavu za kutega. Wavu mmoja mkubwa walikopeshwa na tajiri anayenunua samaki wao, kwa makubaliano kwamba deni liishe kabla ya mwisho wa Aprili. Tarehe hiyo haikuwekwa kwa bahati. Tajiri alijua, kama kila mtu pale, kwamba kusi likishakaza samaki hupungua na mikono huwa mitupu.

Kwa asiyekaa pwani, mwaka wa bahari huku unagawika hivi. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi unavuma upepo wa kaskazi. Bahari huwa tulivu kiasi, maji huwa safi, na joto la juu ya maji hupanda hadi kufika nyuzi 29 au 30 mwezi Machi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba ni kusi: upepo una nguvu zaidi, mawimbi ni makubwa, na maji hupoa hadi kukaribia nyuzi 25 Agosti. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki unaelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi ukivuma, unaupinga na kuupunguza kasi. Kusi likivuma, linausukuma kwa nyuma. Kati ya misimu hiyo miwili ndiyo maleleji, upepo usio na makao, na ndani yake huangukia masika, kwa sababu ukanda wa mvua unalifuata jua kwenda kaskazini, na nyuma ya ukanda huo ndipo pepo za kusi zinapokaa.

Kisa chote kilitokea ndani ya maleleji.

## Wiki za kungoja

Katikati ya Machi kaskazi ilikuwa imelegea. Changu walikuwa wazuri nje ya mwamba, kwenye kina cha pima 10 hivi, na kikundi kilihamishia dema zote huko. Uamuzi ulikuwa sahihi, na kwa siku kadhaa boti ilirudi na mzigo uliowapa matumaini ya kumaliza deni mapema.

Mvua zikaanza wiki ya mwisho ya mwezi. Hori likatoa maji ya rangi ya udongo, yakasambaa upande wa kusini wa maji ya ndani. Mkizi walianza kuonekana mdomoni mwa hori, na wenye nyavu ndogo walipata kambamiti. Nje ya mwamba changu walipungua kidogo, ila si kiasi cha kumfanya mtu aache.

Bamvua la mwezi mwandamo lilipofika, kina mama wanaochokoa pweza walitoka mwambani mapema kuliko kawaida. Mmoja wao alipita kwenye kivuli ambapo wanaume walikuwa wakirekebisha nyavu, akamwambia nahodha: "Nahodha, huko nje kuna kitu. Upepo hakuna, lakini mwamba unapiga." Alikuwa na maana kwamba ukingo wa nje wa mwamba ulikuwa ukivunja mawimbi marefu, yaliyoachana sana, na maji yakiruka hadi mahali wanaposimama wao, huku hewa ikiwa imetulia kabisa. Aliitikiwa kwa adabu, na mazungumzo yakarudi kwenye nyavu.

Wiki iliyofuata yalikuwa maji mafu, siku za kati ya bamvua mbili ambapo maji hupwa na kujaa kidogo. Vijana wawili waliokwenda kupandisha dema waliona maboya yamelala upande wa kaskazini, na mengine yamezama kabisa, kamba imekaza kama waya. Dema tatu zilikuwa zimesogea kutoka mahali zilipotegwa, na moja ilikuja juu na mchanga umejaa hadi nusu. Vijana walirudi na taarifa hiyo, na kikundi kikaamua kurefusha kamba ili maboya yakae juu ya maji.

Asubuhi zote hizo zilikuwa shwari. Upepo mwepesi ulitoka bara kabla ya jua kuchomoza, bahari ikawa laini, na kila aliyesimama ufukweni saa kumi na moja alfajiri aliona hakuna sababu ya kubadili chochote.

## Asubuhi ya bamvua la mwezi mpevu

Siku mbili kabla ya mwezi kukamilika, katibu wa kikundi alipokea kwenye simu angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo ya pwani. Aliwasomea wenzake jioni ile ile. Nahodha alisema angalizo ni la pwani nzima, na lililotangulia lilipita bila kitu hapo kwao. Hata hivyo hakulipuuza. Waliamua kutoka alfajiri mapema, watoe wavu wa tajiri uliokuwa umetegwa nje, wapandishe dema kiasi watakachoweza, na wawe wamerudi saa tatu asubuhi, kabla ya upepo wa mchana.

Boti ilitoka saa kumi na moja ikiwa na watu 6 na makoti ya kuokolea maisha 4. Ngalawa moja ilifuata. Maji yalikuwa yameanza kupwa, yakawatoa mlangoni bila tabu. Wavu waliupata, umejisokota na kuchanika sehemu. Dema 7 zilipandishwa, na boti haikuwa na nafasi ya nyingine.

Saa tatu kasorobo upepo wa bara ulikatika. Dakika chache hewa ilisimama, kisha upepo ukaja kutoka kusini mashariki, na ukaja kwa nguvu tangu mwanzo. Walipofika mlangoni walikuta maji ya ndani yote yanamiminika kutoka nje kupitia ule uwazi mmoja, yakipigana na mawimbi yanayoingia. Pale maji yalisimama wima.

Nahodha alijaribu kuingia. Wimbi la pili liliwapandia kwa nyuma, likajaza boti hadi magotini, na mashine ikazima. Kijana mmoja alishika kamba ya wavu iliyokuwa ikiteleza, ikamchana kiganja. Mwingine, bila kungoja kuambiwa, alitupa nanga, na ikashika kwenye mchanga kabla hawajafika kwenye matumbawe. Nahodha akaamuru dema zote 7 zitupwe. Wavu ulifuata nusu, nusu ukakatwa. Walikumba maji kwa ndoo na dumu lililokatwa, wakaikausha mashine hadi ikawaka, wakaondoka mlangoni wakarudi nje kwenye kina, na huko wakangoja.

Waliingia saa nane mchana. Upepo ulikuwa mkali kuliko asubuhi, lakini maji yalikuwa yanajaa: mkondo wa mlangoni ulikwenda upande mmoja na mawimbi, na mwamba ulikuwa umefunikwa. Ngalawa haikujaribu kuingia kabisa. Nahodha wake aliacha tanga lifuate upepo, akaenda kushuka kwenye diko la kaskazini, na taarifa kwamba wako salama ilifika magharibi.

## Maamuzi na sababu zake

Yapo maamuzi manne ya kutazama, na kila moja lilikuwa na sababu ambayo mtu mwenye akili angeikubali siku ile.

La kwanza ni kupeleka dema zote nje. Samaki walikuwa huko, na kaskazi inayolegea ndiyo hutoa siku nzuri kuliko zote.

La pili ni kuziacha huko baada ya mvua kuanza. Sababu moja ni deni. Nyingine ni kwamba uamuzi ulifanywa kila siku alfajiri, ufukweni, kwa kutazama upepo wa saa ile. Katika maleleji upepo wa alfajiri unatoka bara kwa sababu usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari. Unasema machache sana kuhusu msimu, na huvuma hivyo hivyo hata siku ambayo kusi litaingia saa nne baadaye.

La tatu ni kurefusha kamba. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa lilifanana na ufumbuzi. Boya limezama, refusha kamba, boya limeonekana, kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza nini kilikuwa kinalizamisha wakati wa maji mafu, siku ambazo maji ya kupwa na kujaa hayana nguvu ya kufanya hivyo. Na kamba ndefu iliyolegea hujisugua kwenye matumbawe kila wimbi linapopita.

La nne ni saa ya kurudi. Wote walikubaliana kwamba kurudi saa tatu ni kuwahi, na kuwahi ni usalama.

## Matokeo

Hakuna aliyekufa. Kiganja cha kijana kilishonwa zahanati. Mashine ilihitaji fundi.

Bahari ilikaa imechafuka siku 10 hivi. Ilipopungua, dema 15 tu zilipatikana kati ya zote 40, baadhi zimevunjika. Wavu wa tajiri ulibaki vipande, na deni likabaki zima. Kwa wiki mbili chakula cha familia kadhaa kilitegemea pweza wa kina mama, ambao nao walikuwa wachache kwa sababu maji ya tope yalikuwa yameingia hadi mwambani.

Dema zilizopotea zilikuwa za aina mbili. Zile za fito zitaoza. Zile za waya zitaendelea kunasa samaki chini kwa muda mrefu bila mtu wa kuwatoa, na samaki anayekufa humo huwa chambo cha anayefuata. Hasara hiyo haikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Mwezi Mei kikundi kilihamia ndani: mishipi na dema zilizobaki kwenye nyasi bahari kwa ajili ya tasi, nyavu mdomoni mwa hori kwa ajili ya mkizi. Mapato yalikuwa madogo lakini hayakukatika.

## Uchambuzi

### Msimu uliingia vipande vipande

Wavuvi hawa walingoja upepo ugeuke ndipo waseme msimu umegeuka. Lakini upepo wa pale dikoni ulikuwa karibu kitu cha mwisho kufika. Mawimbi marefu yalitangulia, kwa kuwa mawimbi husafiri mbali kuliko upepo ulioyazaa: kusi lilikuwa limeshakaa huko kusini mwa bahari, na mawimbi yake yakafika kwenye mwamba huu wakati hewa ya hapa imetulia. Mkondo ulifuata, kwa sababu kaskazi iliyokuwa ikiuzuia ilikuwa imekoma, na maboya yakaonyesha. Rangi ya maji na mkizi wa horini vilikuwa na ratiba yao, iliyofuata mvua. Upepo wenyewe ulikuja siku moja, saa tatu kasorobo.

Kwa hiyo kikundi kilikuwa na ishara za mapema, mojawapo ya majuma mawili kabla na nyingine ya wiki moja kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja. Kina mama walijua la mwamba kwa sababu wao ndio wanaosimama ukingoni maji yakiwa makavu. Vijana walijua la maboya. Katibu alikuwa na angalizo. Uamuzi ulikuwa wa nahodha, na nahodha alitazama anga la alfajiri. Sioni kosa la mtu mmoja hapa. Naona diko ambalo maarifa yake yamekaa kwa watu wasiokaa kikao kimoja, na sauti ya mchokoa pweza inapita kivulini kwa adabu bila kuacha alama.

### Saa ya kurudi ilipimwa kwa upepo, haikupimwa kwa maji

Kwa pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hukauka karibu saa kumi na kujaa karibu saa nne. Kila mvuvi pale analijua hilo tangu utoto.

Sasa lilinganishe na uamuzi wa kurudi saa tatu. Katika maji mafu, anayetoka alfajiri na kurudi saa tatu au saa nne anaingia na maji yanayojaa, mlango una kina, na mkondo wenyewe ni dhaifu. Katika bamvua, saa ile ile inamkuta mlangoni wakati maji ya ndani yanatoka kwa nguvu, kina kimepungua, na upepo wa kusini mashariki ndio kwanza unaamka. Kuwahi kuliwaepusha na upepo mkali wa mchana, kukawapeleka kwenye saa mbaya kuliko zote za mlango ule. Boti hiyo hiyo ilipita saa nane kukiwa na upepo mkubwa zaidi, na ilipita.

Hili ndilo ningependa kila nahodha alichukue: kazi ya kutoa zana zilizo nje wakati wa maleleji ipangiwe maji mafu. Siku hizo zipo wiki moja kabla na wiki moja baada ya kila bamvua, na zinajulikana mwaka mzima kabla.

### Hesabu ya safari haikufanywa

Boti ilibeba dema 7. Dema zilikuwa 40. Hata kama asubuhi ile ingekuwa shwari hadi jioni, zana zisingetoka kwa siku moja, kwa sababu zilihitaji safari 6. Angalizo la siku mbili lilikuwa sahihi, na bado lilichelewa kwa kazi ya ukubwa huo. Angalizo linatosha kumzuia mtu asitoke, lakini kuhamisha zana kunahitaji ishara ya wiki nzima, hata kama ishara hiyo haina uhakika. Boya linalozama katika maji mafu lina thamani kwa sababu hiyo.

Na wapo wanaosema kwamba angalizo la Aprili ni la mvua tu, na vimbunga havifiki huku. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania na kudhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia. Maleleji si miezi ya kuifunga simu.

### Kilichofanya kazi

Nanga ilikuwa tayari, kamba yake haikuwa imefungwa chini ya dema, na kijana aliitupa bila kungoja amri. Ningesema hilo ndilo lililookoa watu 6. Nahodha hakujaribu mlango mara ya pili, ingawa wenzake wawili walimsihi, na alikubali kutupa mali ya deni. Nahodha wa ngalawa alifanya vizuri zaidi: aliona mlango, akauacha, akaufuata upepo. Ni uamuzi unaohitaji mtu kuvumilia kuulizwa usiku kucha yuko wapi.

### Kusi linawabana watu ndani

Kisa hakikuishia mlangoni. Kuhamia ndani kulikuwa sahihi kwa kikundi, lakini vikundi vyote vya diko lile huhamia ndani kwa miezi ile ile, juu ya nyasi bahari zile zile ambako tasi na changu wadogo wanakulia. Zana zikiwa zimepotea na deni likiwa zima, mtu huona wavu wa macho madogo kuwa njia ya kupumua. Wanakikundi wawili walikamatwa na doria ya BMU na wavu wa namna hiyo mwezi Juni. Ukitaka kujua kwa nini, anza Machi, kwenye dema zilizobaki nje.

## Mwaka uliofuata

Kikundi kilibadilisha mambo matatu. Kwanza, tangu mvua ya kwanza ya masika, kikao kifupi kilikaa kila baada ya bamvua, na mama mmoja wa pweza alikaa humo kama mjumbe, akiulizwa kwanza. Pili, dema zilitolewa nusu katika maji mafu ya kwanza baada ya ishara yoyote kati ya tatu (mwamba kupiga bila upepo, maboya kulala kaskazini, mchanga ndani ya dema), na nusu iliyobaki katika maji mafu yaliyofuata. Tatu, boti haikutoka tena na watu wengi kuliko makoti.

Mwaka huo kusi lilichelewa. Nusu ya kwanza ya dema ilitolewa mapema mno, na wanakikundi waliwatazama jirani zao wakileta changu kwa siku nyingi. Manung'uniko yalikuwa makali, na mmoja alijitoa. Nadhani gharama hiyo ilikuwa halali, lakini ni gharama, na anayependekeza utaratibu huu kwa diko lingine aitaje tangu siku ya kwanza.

Deni ndilo lililokuwa gumu kuliko bahari. Tajiri alitaka tarehe, kikundi kikataka marejesho yafuate bamvua zenye samaki na yasimame maleleji. Walikutana katikati: sehemu kubwa ilipwe kabla ya katikati ya Machi, iliyobaki ingoje Oktoba, kusi likishalegea.